Hamburg: Mikono Inajua, Ulimi Haujui

Msomaji, mji wa Hamburg haukukaa ufukweni mwa bahari kama Dar es Salaam au Mombasa. Umekaa kando ya mto Elbe, mwendo wa kilomita zipatazo 100 kutoka pale mto huo unapomwaga maji yake katika Bahari ya Kaskazini. Hata hivyo ndiyo bandari kubwa kupita zote za Ujerumani, na mtu aliyekulia Kurasini au Kilindini hatachukua siku nyingi kuizoea. Honi za meli ni zile zile, na winchi huinua makontena usiku na mchana kama za kwetu. Tena, tangu mwaka 2010 Hamburg na Dar es Salaam ni miji-ndugu. Lakini fundi anayefika huko na cheti chake mkobani, akitafuta kazi, hugundua upesi kwamba undugu wa miji haumsaidii kusoma tangazo lililobandikwa langoni mwa kiwanda.

Hilo ndilo jambo tunalotaka kulizungumza leo. Vijana wengi wenye ufundi mzuri, na hata baba na mama wenye watoto, huuliza: Je, mtu aweza kupata kazi ya ujuzi Ujerumani bila kujua Kijerumani? Jibu fupi ni kwamba aweza. Jibu kamili ni refu zaidi, na njia njema ya kulipata ni kuutembelea mji wenyewe.

Tuanze na Veddel, kisiwa kilichozungukwa na mikono ya mto Elbe. Hapo, mwaka 1901, kampuni ya meli ya HAPAG, chini ya uongozi wa Albert Ballin, ilifungua majumba makubwa ya kuwalaza wasafiri. Hao hawakuwa wageni waliokuja Ujerumani, bali watu waliokuwa wakiiaga Ulaya. Kati ya mwaka 1850 na 1939, watu wapatao milioni 5 walipitia Hamburg wakielekea ng'ambo, wengi wao Marekani. Walikuwamo Wajerumani wenyewe, Wapolandi, Warusi, Wayahudi na Wahungari. Walikuwamo maseremala, washonaji na wahunzi, na wengi wao hawakujua Kiingereza. Tangu mwaka 2007 pana makumbusho mahali hapo, yaitwayo BallinStadt. Ukiyapitia utaelewa kwamba kwenda kutafuta riziki katika nchi usiyoijua lugha yake si jambo lililozuliwa na watu wa Afrika.

Kutoka Veddel twende Landungsbrücken, kwenye gati za mjini. Treni ya U3 hupita hapo juu ya daraja refu la chuma, na abiria huiona bandari yote dirishani. Karibu na gati pana jengo lenye kuba, na ndani yake ngazi na lifti za kuteremkia chini ya mto. Huo ni mfereji wa zamani wa kupita chini ya Elbe, uliofunguliwa mwaka 1911, wenye urefu wa zaidi ya mita 420. Ulijengwa ili wafanyakazi wa viwanda vya meli wavuke kwenda kazini ng'ambo ya pili hata wakati wa ukungu na barafu. Leo watalii hutembea humo wakipiga picha, lakini ukisimama kimya waweza kuwafikiria watu waliopita hapo alfajiri, chakula chao mkononi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, viwanda vya Ujerumani Magharibi vilipungukiwa na watu. Serikali ikafanya mapatano na Italia mwaka 1955, na Uturuki mwaka 1961, na nchi nyingine kadhaa, ili wafanyakazi waletwe. Wakaitwa Gastarbeiter, maana yake wafanyakazi wageni. Mwajiri alidhani watarudi kwao baada ya miaka michache; wao pia walidhani hivyo. Kwa sababu hiyo watu wachache mno waliona haja ya kuwafundisha lugha. Mashine haikuhitaji mazungumzo. Uandikishaji huo ulisimamishwa mwaka 1973, lakini wengi walibaki, wakaleta wake zao, wakazaa na kulea. Ndipo gharama ilipoonekana. Mtu aliyefanya kazi miaka 20 bila kukosa siku alihitaji mtoto wake wa miaka 10 amwambie daktari mahali panapomuuma. Ilichukua hadi mwaka 2005 ndipo sheria ikaweka mafunzo rasmi kwa wageni, ambayo kwa kawaida yana vipindi 600 vya lugha.

Historia hiyo yafaa kukumbukwa, kwa maana leo Ujerumani inawahitaji tena wageni. Wazee ni wengi, vijana hawatoshi. Mwaka 2020 ilianza kutumika sheria mpya ya kuwapokea wafanyakazi wenye ujuzi, nayo ikalegezwa zaidi kuanzia mwaka 2023. Mwezi wa Septemba, 2024, Kenya na Ujerumani zilitiliana sahihi mapatano juu ya jambo hilo hilo mjini Berlin.

Basi tazama sheria inavyosema kuhusu lugha. Mwenye shahada ya chuo kikuu aliyekwisha kupata mkataba wa kazi wenye mshahara unaofikia kiwango kilichowekwa, aweza kupewa Kadi ya Buluu ya Umoja wa Ulaya, na kadi hiyo haidai Kijerumani. Wahandisi na wataalamu wa kompyuta huingia kwa njia hiyo, na katika baadhi ya kampuni kubwa Kiingereza chatosha kwa shughuli za ofisini.

Kwa asiye na mkataba, tangu Juni 2024 ipo Chancenkarte, yaani Kadi ya Fursa, inayomruhusu mtu kukaa hadi mwaka mmoja akitafuta kazi. Lugha hupimwa kwa ngazi sita, kuanzia A1 ya mwanafunzi mchanga hadi C2 ya bingwa. Kwa ambaye cheti chake hakijakubaliwa kikamilifu huko Ujerumani, kadi hii hudai Kijerumani cha A1, au Kiingereza cha B2. Mtu huyo lazima pia akusanye alama 6, na hapo ndipo lugha inapojitokeza upya: Kijerumani cha B2 huleta alama 3, na Kiingereza cha C1 huleta alama 1 tu. Juu ya hayo, mwombaji aonyeshe fedha za kujikimu, ambazo mwaka 2025 zilikuwa Euro 1,091 kwa kila mwezi. Akiwa huko aruhusiwa kufanya kibarua kisichozidi saa 20 kwa wiki.

Kwa wauguzi na waganga hakuna mchezo. Vyeti vyao hapana budi vikubaliwe na mamlaka, na muuguzi kwa kawaida hutakiwa Kijerumani cha B2. Sababu yake iko wazi: mgonjwa anayekata roho hawezi kungoja mkalimani.

Utaona, msomaji, kwamba sheria imeacha nafasi kwa asiyejua lugha kupita. Lakini kupita ni jambo moja na kukaa ni jambo jingine. Tuseme wewe ni fundi umeme, hodari kabisa. Katika Kijerumani neno la kuwasha ni "an" na la kuzima ni "aus", na mara nyingi neno hilo dogo huja mwishoni kabisa mwa sentensi. Msimamizi akisema haraka, kelele za karakana zikimeza silabi ya mwisho, mkono wako utakwenda upande gani? Ufundi wako haukupungua hata chembe, lakini kwa dakika ile wewe ni hatari kwako na kwa mwenzako. Mwajiri anayelijua hilo atakupa kazi ya kubeba na kufagia, na cheti ulichokihangaikia miaka mitatu kitalala sandukuni.

Na saa za kazi zikiisha, pana saa za nyumbani. Barua ya kodi, mkataba wa chumba, ilani ya shule ya watoto, zote ni za Kijerumani. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Kuku huyo akiwa hajui lugha, hata anayetaka kumsaidia hajui amwanzie wapi. Watu wa Hamburg husalimiana "Moin" asubuhi, mchana na jioni, na neno hilo mgeni hulijua siku ya kwanza. Upweke huanza pale anapokosa neno la pili.

Kwa hiyo lugha ni kama deni. Sheria yaweza kukuruhusu usilipe mlangoni, lakini utalidaiwa ndani, na riba yake. Aliyelipa kabla ya kuondoka hulipa kwa jioni zake tu. Taasisi ya Goethe inafundisha Kijerumani Dar es Salaam na Nairobi, na mtu anayefanya kazi mchana aweza kujifunza akiwa bado anakula nyumbani kwake. Anayelipa baada ya kufika hulipa kwa mshahara mdogo na kwa miaka.

Aidha, jihadhari na wakala anayekuambia kwamba lugha si kitu mradi umpe fedha kwanza. Usiuze kiwanja cha watoto kwa ahadi ya mdomo. Masharti ya kweli yapo ubalozini. Wala usitie sahihi mkataba ambao mtu unayemwamini hajakusomea neno kwa neno.

Wajerumani wenyewe walilijua jambo hili zamani. Mwaka 1908, walipokuwa wakiitawala Tanganyika, walianzisha Hamburg taasisi ya kuwaandaa maofisa na wafanyabiashara waliotumwa katika makoloni, na Kiswahili kilikuwa mojawapo ya lugha zilizofundishwa humo. Watu waliokuja na bunduki na sheria zao bado waliona kwamba bila lugha ya wenyeji kazi haitakwenda. Sembuse anayekwenda na bisibisi na cheti!

Nasi hatuanzi mikono mitupu. Neno letu "hela" lilitokana na Heller, sarafu ya Wajerumani iliyotumika Afrika ya Mashariki, na neno "shule" latokana na Schule. Mawili hayo yatosha kutufundisha mpangilio: hela inatafutwa, lakini shule hutangulia.