Yangeyange na Pembe ya Ng'ombe

Mto Tana, ulio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, ukishapita Garsen huanza kupoteza haraka yake. Maji hutawanyika katika madimbwi na nyanda za malisho, hata yafikapo Kipini kuingia Bahari ya Hindi yamekwisha kulisha viumbe wasiohesabika. Huko ndiko makazi ya ndege watembeao majini: yangeyange, korongo, kwarara na domomwiko, ambao katika miaka ya mafuriko mema hukusanyika na kujenga viota vyao pamoja mitini. Mafuriko yenyewe hayaji tena kwa desturi ya zamani. Tangu bwawa la Kindaruma lilipokamilika mwaka 1968 hadi lile la Kiambere mwaka 1988, mabwawa matano ya umeme yalijengwa huko juu, na mto ukatiwa lijamu.

Kijana mmoja, mzaliwa wa Garsen na mwanafunzi wa chuo kikuu, alijitwika kazi ya kuwapiga picha ndege hao. Kamera aliiazima. Lenzi ya milimita 400 aliinunua ikiwa imekwisha kutumiwa na mwingine, nayo ilimmalizia akiba ya mwaka mzima. Aliondoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri, akasimama ndani ya matope yafikayo magotini, mbu wakimfaidi, akingoja nuru ya kwanza. Ifikapo saa tatu asubuhi alikunja vyombo vyake, kwa kuwa jua la Tana likishapanda humfanya ndege mweupe aonekane kama karatasi iliyobandikwa kwenye tope.

Weupe huo ndio uliomfundisha kazi. Kamera ina kawaida ya kudhani kuwa kila kilicho mbele yake kina wastani wa giza na mwanga. Ikiona tope jeusi limetanda pande zote, huongeza mwanga, na manyoya ya yangeyange huungua hivi kwamba hapana programu iwezayo kuyarejesha. Kwa hiyo hupaswa kupunguza mwanga makusudi, picha itoke nyeusinyeusi, kisha avipandishe vivuli nyumbani kwenye kompyuta. Korongo mwenye mdomo uliopinda ukaacha mwanya katikati, autumiao kunyofoa konokono kutoka magambani, hana taabu hiyo. Yeye ni mweusi tangu utosini hadi mkiani, taabu yake ni nyingine. (Ni jambo la kusikitisha kwamba lugha yenye msamiati mpana wa bahari na vyombo vyake humtwisha neno moja, korongo, ndege wengi kiasi hicho wasiofanana.)

Kuhariri picha, kama kuhariri mswada, kuna daraja zake. Kurekebisha tahajia si sawa na kumgeuzia mwandishi hoja yake. Kupandisha kivuli, kunyoosha upeo wa maji uliolala upande na kufuta alama ya vumbi lililoingia ndani ya kamera ni mambo yasiyomghadhibisha mtu. Lakini mwaka 1982 jarida la National Geographic liliposogeza piramidi za Giza zikaribiane ili zienee katika jalada lake la Februari, wasomaji waliona kuwa mpaka umevukwa, na kisa hicho kingali kikitajwa hadi leo. Swali gumu zaidi ni lile la kukata. Akataye ukingo wa picha haongezi uongo wowote, hupunguza tu.

Yangeyange mdogo, yule wa malishoni, humfuata ng'ombe kwa sababu ng'ombe akitembea huwatimua panzi kutoka nyasini. Kijana alimpiga mmoja akiwa hatua moja tu kutoka kwenye kwato, bawa limenyanyuliwa, panzi mdomoni. Ilikuwa picha bora kuliko zote alizowahi kupata. Nyumbani akaikata: pembe ikatoka, kwato zikatoka, fimbo ya mchungaji iliyochungulia pembeni nayo ikatoka. Akabaki ndege peke yake katika kijani kitupu. Kesho yake alimwonyesha mzee mmoja wa Kiorma, mwenye ng'ombe huyo.

"Umempeleka wapi ng'ombe wangu?" mzee akauliza.

"Nimemwondoa, mzee, ili ndege aonekane vizuri."

Mzee aliitazama tena kwa muda. "Sasa huyu ndege amekuja kwa nani?"

Kwa mgeni, yamkini hilo lingekuwa swali la kuchekesha. Kwa mtu wa Garsen lina uzito wake. Mwaka 2008 palikuwa na mpango wa kulima miwa kwenye takriban hekta 20,000 za delta hiyo, na miongoni mwa hoja zilizovuma ni kwamba ardhi ile ilikaa bure. Haikukaa bure hata siku moja: Mpokomo alilima kwa kufuata maji yanapopungua, Muorma alishusha mifugo wakati wa kiangazi, mvuvi alitega katika madimbwi. Wote hao walihitaji maji yaleyale, na kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 mapigano baina ya wakulima na wafugaji yaliua watu zaidi ya mia moja. Katikati ya msiba huo, Septemba 2012, delta ikaorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, hekta 163,600, na Februari 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi ikaamuru mipango ya matumizi ya ardhi iandaliwe kwa kuwashirikisha wakazi. Mpenzi wa ndege na mpanda miwa, ijapokuwa hawaelewani katika mengi, aghalabu hupenda picha ya namna moja: nchi pana, ya kijani, isiyo na mtu.

Kijana alilirejea faili ghafi, ambalo kwa bahati hakulifuta, akaihariri picha upya pamoja na pembe, kwato na fimbo. Kazi ikawa kubwa zaidi, maana ubavu wa ng'ombe ulikuwa mweusi na ndege mweupe, na kila alipomwokoa mmoja alimpoteza mwenziwe. Ilimchukua jioni mbili. Waliokuwa wakiandaa kalenda ya ndege walimwomba awapelekee safi zaidi, bila mifugo. Aliwapelekea domomwiko badala yake, nao wakaridhika.

Ile ya yangeyange alimpa mwenye hoteli moja ya chai mjini Garsen, akaitundika karibu na meza ya mahamri. Wafugaji wakiingia huitazama pembe kwanza, kisha alama iliyo ubavuni, wakabishana iwapo ng'ombe huyo ni yule aliyeuzwa au nduguye.