Roma bila ngano

Roma inanukia mkate. Postikadi hazisemi hivyo, lakini ukishuka kwenye basi asubuhi, hata kabla hujaiona Colosseo yenyewe, pua imeshakuambia uko wapi. Kila kona kuna tanuri, na kila tanuri lina foleni. Pizza ya mtaani inakatwa kwa mkasi na kupimwa kwenye mizani kama nyama ya buchani. Raha tupu! Sasa msomaji wangu, hebu fikiria una miaka 16, marafiki zako wote wako kwenye foleni ile, na kile kipande hutakiwi kukigusa maisha yako yote.

Ndivyo alivyo mwenyeji wangu mdogo, binti wa dada yangu aliyeolewa na Mwitaliano. Ananiita mama mdogo, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya kuchekesha. Ana ugonjwa wa siliaki. Si mzio, na wala si dayati ya mamodo. Akila gluteni, ile protini inayofanya donge la ngano livutike, na ambayo imo pia kwenye shayiri, kinga ya mwili wake inageuka na kuushambulia utumbo mwembamba. Chakula kinapita bila kufyonzwa vizuri. Ndipo unasikia upungufu wa damu, mifupa dhaifu, mtoto hakui, binti anachelewa kuvunja ungo. Dawa hakuna, kuna kuacha tu. Inakadiriwa kuwa karibu mtu 1 katika kila 100 duniani anao, na wengi hawajijui. Unatembea kwenye ukoo pia: shangazi yake, dada wa baba, anao.

(Aliyeikamata ngano ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Wakati wa njaa ya vita ya 1944 na 1945 mkate uliadimika, na watoto wenye siliaki wakapata nafuu. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Yeye alikuwa ameishuku ngano hata kabla ya hapo.)

Kutembea Roma na binti huyu ni kuiona Roma nyingine kabisa. Mimi natazama makanisa, yeye anatazama madirisha ya maduka akitafuta maneno mawili: senza glutine, yaani bila gluteni. Kwa sheria ya Ulaya, chakula chenye maneno hayo hakiruhusiwi kuzidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Kwenye pakiti anatafuta pia alama ya suke lililokatwa kwa mstari. Nilitaka kumnunulia supplì, yale madonge ya wali yenye jibini ndani. Si wali jamani? Akanionyesha nje: yamevingirishwa kwenye chenga za mkate. Aiskrimu sawa, lakini kwenye kikombe, si kwenye koni, na kijiko cha muuzaji kisiwe kimegusa koni ya mwingine. Kwenye baa wanauza kinywaji cha moto kinaitwa orzo, kama kahawa hivi, ambacho ni shayiri ya kukaanga. Na tambi zake lazima zichemshwe kwenye maji yake mwenyewe, zimwagwe kwenye chujio lake.

Kusema ukweli, kama ni lazima uumwe siliaki, umie Italia. Sheria namba 123 ya 2005 inazitaka kantini za shule, hospitali na ofisi za umma kumpa mgonjwa chakula chake akiomba. Serikali inachangia vyakula maalumu kila mwezi. Mwaka 2018 kiwango cha msichana wa umri wake kilipangwa kuwa euro 99, cha mvulana 124. Chama chao, kilichoanzishwa 1979, kina orodha ya mikahawa ambayo wapishi wake wamefundishwa. Mwaka 2023 ikapitishwa sheria nyingine, ya kuwapima watoto na vijana nchi nzima. Hata kanisani wamefikiriwa. Vatican ilisema mwaka 2003, ikarudia 2017, kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haifai kwa komunyo, ila ile yenye kiasi kidogo sana inafaa. Jumapili nilimwona akienda upande, padri akamtolea yake kwenye kichombo chake.

Lakini sheria haikai mezani na kijana Jumamosi usiku.

Jumamosi hiyo tulivuka daraja la Ponte Sisto kuelekea Trastevere, marafiki zake wametangulia. Pale darajani akanitobolea siri. Mwaka uliopita, kwenye safari ya shule, alikula kama wenzake siku tatu mfululizo. Hakuharisha, tumbo halikuuma. "Nikajua mama ananitisha tu." Hapo ndipo penye hatari: kwa wengine mwili haupigi kelele, huku utumbo unaumia kimyakimya. Vipimo vya damu ndivyo vilivyomsema.

Dada yangu alifanya ambacho wengi wetu tungefanya, alipekua mkoba na kufoka. Matokeo yake binti akajifunza kuficha vizuri zaidi. Kilichosaidia ni daktari kumwomba mama atoke nje, akaongea na binti kama mtu mzima, akamwekea majibu yake mbele. Dada naye akamkabidhi vocha na kazi ya kununua vyakula vyake. Na kuna shoga yake mmoja, huyo namvulia kofia. Yeye ndiye anayepiga simu mkahawani mapema kuuliza kama wana unga na tanuri la pembeni, kisha anawaambia wenzake "leo tunakwenda pale", basi. Hakuna hotuba, hakuna "masikini, hawezi kula". Watu saba tulikula pizza, na ya kwake ilikuja peke yake, kwenye sahani yake.

Kuna kijana wa kiume pia, tena mzuri wa haja. Ameshaambiwa kwamba akila mkate, mswaki kwanza ndipo busu. Akatii! Wasichana wangapi wanaweza kudai hivyo?

Nyumbani dada hapiki tena chapati, vumbi la unga wa ngano linatua kila mahali. Wanasonga ugali wa unga wa polenta, wenye ile alama ya suke.

Desemba binti anakuja Dar. Nikamhesabia: wali wa nazi, ndizi, samaki, mihogo ya kukaanga. Akaniuliza, "Mama mdogo, yale mafuta ya mihogo, kabla yake yalikaanga nini?" Sambusa, nikamjibu, na maandazi. Akatoa simu, akaandika.