Chafya Si Kosa la Mtoto

Sisi walimu wa kujitolea tuna jambo tunataka tuongee na wazazi mwezi huu.

Familia kadhaa za hapa kambini zilihamia Tucson, jimbo la Arizona, Marekani, na nyingine bado zinangoja safari. Waliotangulia wakipiga simu, habari ni ile ile: ikifika mwezi wa tatu mtoto anapiga chafya, macho mekundu, usiku kifua kinalia. Homa hana. Huku nyuma watu wanaanza kunong'ona: ni kifua kikuu, au kuna mkono wa mtu.

Sivyo, jamani. Mara nyingi ni chavua, yaani lile vumbi la maua. Tucson ni mji wa jangwani. Zamani wagonjwa wa kifua walikuwa wanapelekwa kule kwa ajili ya hewa kavu. Baadaye wenyeji wakapanda miti ya kivuli, mizeituni na miforsadi. Miforsadi walipenda ile dume, isiyozaa, ili matunda yasichafue njia. Sote tunaujua mpapai dume: papai hupati, ila maua tele. Basi mforsadi dume nao ni hivyo hivyo, na chavua yake ni nyepesi, upepo unaibeba mji mzima. Katikati ya miaka ya 1980 serikali ya eneo lile ilipiga marufuku kuuza na kupanda miti hiyo. Lakini iliyokuwa imeshapandwa ilibaki, na mti hauna haraka ya kufa.

Hata huku kwetu, nyasi zikichanua baada ya mvua, wapo wanaoteseka. Tusikimbilie kuukata mti wenye maua mekundu pale uwanjani. Maua ya kupendeza huita nyuki na ndege, chavua yake ni nzito, haiendi mbali. Yanayosumbua zaidi ni yale madogo yasiyo na rangi, ambayo hatuyatazami.

Kilichotuuma ni hiki: darasani wenzake walikataa kukaa benchi moja na mtoto wa chafya. Tukaketi naye sisi walimu, zamu kwa zamu, mpaka wakazoea. Aleji haiambukizi, wazazi. Tuwaambie watoto nyumbani pia.

Chafya bila homa, macho kuwasha, kila mwaka msimu ule ule: hiyo ni dalili ya aleji. Mtoto anawe uso akirudi nyumbani, na siku ya upepo nguo zake zisianikwe nje. Lakini akikohoa zaidi ya wiki mbili, akikonda, akitoka jasho usiku, mpelekeni akapimwe. Na kifua kikimbana, msingoje kukuche, mkimbizeni zahanati.

Mnaosafiri, mwambieni daktari wa kule mapema kama mtoto ana pumu. Dawa zipo. Asifichwe, wala asitengwe.