GTA VI inakuja: tununue laptopu au PlayStation?

Wiki hii hatuna stori nyingine, ni GTA VI tu. Rockstar walisema 2025, wakasogeza mpaka 26 Mei 2026, halafu tena mpaka 19 Novemba 2026. Sanduku letu la kikundi lina pesa kidogo. Wengine wanataka PlayStation iliyotumika ili tusipitwe, wengine wanataka laptopu. Tumebishana sana, sasa tunawaandikia tulipofika.

Kwanza tuwape haki yao watu wa konsoli. GTA V ilitoka Septemba 2013 kwenye PS3, mashine yenye megabaiti 512 tu za memori, ukijumlisha zote. Ilipokuja kwenye kompyuta Aprili 2015, ikadai angalau gigabaiti 4. Mara nane! Sababu ni kwamba konsoli za aina moja zinafanana, basi watengenezaji wanaijua kila kona ya mashine na wanaibana gemu ikae humo. Kompyuta kila moja ina vyake: prosesa hii, kadi ya picha ile, Windows ya mwaka gani hatujui. Ndiyo maana ukiweka gemu nzito kwenye laptopu ya ofisi, mchezaji anatembea kama amebeba gunia la mihogo.

Lakini sikilizeni: GTA VI imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series tu. PS4 haimo, kompyuta pia bado haimo. PS5, hata iliyotumika, iko mbali na sanduku letu. Na wa kompyuta wasicheke: GTA V waliingoja mwaka mmoja na nusu zaidi, Red Dead Redemption 2 mwaka mzima. Yaani Novemba ikifika, kwenye kikundi chetu hakuna wa kuicheza, tununue hiki au kile.

Basi swali linalobaki ni hili: mashine itatufanyia nini siku zote nyingine? West Nile iliungwa na gridi ya taifa 2024 tu, na umeme bado unakatika. Konsoli inazima hapo hapo, mechi ikiwa dakika ya 88. Laptopu ina betri. Asubuhi tunaandika CV na kujaza fomu za skolashipu, mchana wadogo zetu wanajifunza kuchapa, jioni tunapiga San Andreas na PES 2013. Hizo hata mashine ya zamani inaziweza.

Tena kompyuta inatengeneza gemu. Lual Mayen wa Sudan Kusini alikulia kambini hapa kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu, akafikisha dola 300, akamnunulia laptopu. Kijana alikuwa anatembea saa tatu kwenda kuichaji. Kwenye hiyo laptopu akaanza Salaam, gemu ya mkimbizi anayekimbia vita, na baadaye akafungua kampuni yake Marekani, Junub Games.

Wakubwa wa mashirika mnaotusoma, hapa tunawaomba kitu. Mara nyingi kompyuta zikiletwa kwa vijana, sheria ya kwanza ukutani ni "gemu marufuku". Fikirieni tena. Mtoto anayeuliza kwa nini gemu inakwama atajifunza memori, prosesa na kadi ya picha bila kulazimishwa. Wekeni saa za gemu, halafu mwacheni aulize.

Tumepiga kura: laptopu 9, PlayStation 6. Walioshindwa wametoa sharti moja, kwamba pedi mbili zinunuliwe siku hiyo hiyo. Tumekubali.

Na ninyi wa Rhino Camp na Imvepi, mngechagua nini? Tuandikieni.