Moteri haijijengi

Leo tunawaandikia juu ya ubishi mmoja uliotushinda kuumaliza, na juu ya mtoto.

Sisi ni vijana kumi na mmoja, wengi wetu wa kutoka Kivu. Jioni tunasoma baiolojia pamoja kwenye chumba kilicho nyuma ya garaji. Aliyepita barabara ya kwenda Gicumbi na Gatuna anajua Gatsata ilivyo: magari yamefunguliwa boneti, vijana wamelala chini yake, ardhi imekunywa vidanje mpaka imekuwa nyeusi. Wawili kati yetu ni mafundi humo mchana.

Wiki ile tulikuwa na somo la sifa za viumbe hai. Kwenye kaye zimeandikwa saba: kula, kupumua, kusogea, kuhisi, kukua, kuzaa, kutoa taka. Tulizikariri kama wimbo. Halafu fundi mmoja akauliza, "Sasa moteri je?"

Tulicheka, kumbe alikuwa na hoja. Moteri inakula mazutu. Inavuta oksijeni, inatoa kaboni dioksidi na mvuke wa maji, sawa na sisi. Inasogea. Ukikanyaga pedali inajibu. Taka? Muulizeni mama anayemfulia nguo. Tano kati ya saba! Tukasema haizai, akajibu kwamba nyumbu, yule mtoto wa punda na farasi, naye kwa kawaida hazai na hakuna anayemwita mfu. Tulibishana mpaka umeme wa kulipia ukaisha, tukaendelea gizani.

Jibu lilitoka kwenye mkono wake mwenyewe. Alikuwa amejikata na bati siku chache nyuma, na kidonda kilikuwa kinafunga. Moteri segmenti zake zikichakaa, inangoja fundi na spea. Mkono unajitengeneza wenyewe, na spea zake zimetoka kwenye sahani ya jana.

Basi spea hizo ni nini? Si vitu vya ajabu. Kwa uzito, mwili wa mtu ni oksijeni karibu 65%, kaboni 18%, haidrojeni 10%, naitrojeni 3%, halafu kalsiamu, fosforasi, salfa na vingine vidogo vidogo. Chuma ni gramu 3 au 4 tu, kama msumari mmoja. Mazutu ni kaboni na haidrojeni. Bugali wa muhogo karibu wote ni wanga, yaani kaboni, haidrojeni na oksijeni. Unaunguza, unapata nguvu, unatembea. Lakini nyama ya mwili, damu, ngozi, hata nywele, zinajengwa na protini, na protini haipatikani bila naitrojeni. Hewa ina naitrojeni 78% na sisi hatuwezi kuishika hata kidogo. Wanaoishika ni bakteria wanaoishi kwenye mizizi ya maharage.

Hapo dada mmoja kati yetu akafunga kaye. Akasema, "Mnasema habari za mdogo wangu."

Walikuwa kambini wakati huo. Mama alijifungua tena, yule mdogo akaachishwa ziwa, na pesa ya chakula ilikuwa imepunguzwa, kwa hiyo alikula bugali na chumvi, asubuhi uji mweupe. Alishiba. Majirani walisema amenona, mashavu yamejaa. Mtu wa mradi fulani akaja na mizani, kilo zikatosha, akaandika, akaenda. Kilo zile zilikuwa maji. Miguu ilikuwa imevimba, nywele zimekuwa nyekundu na laini, na mtoto hakutaka tena kucheza wala kula.

Kwetu tunaiita bwaki. Kitabu kinasema unyafuzi. Madaktari wanaiita kwashiorkor, jina la lugha ya Ga huko Ghana ambalo daktari Cicely Williams alilipeleka kwenye maandishi ya kitabibu miaka ya 1930. Maana yake ni ugonjwa unaompata mtoto mdogo wake anapozaliwa. Wamama wa huko walikuwa wameshaona chanzo kabla ya daktari. Wataalamu bado wanabishana juu ya kinachotokea mwilini, na hawasemi tena ni protini peke yake, lakini mtoto wa bugali mtupu ndiye wanayemkuta mara nyingi.

Mnaofanya kazi na mizani, tunawaomba kitu kidogo: bonyezeni na miguu. Kidole gumba juu ya mguu, sekunde tatu. Shimo likibaki kwenye miguu yote miwili, mtoto aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama kilo ni nzuri. Mdogo wa mwenzetu aligunduliwa hivyo, na muuguzi aliyemvua soksi kwa bahati tu.

Siku hizi Jumamosi tunachangishana, tunanunua maharage na ndagala kidogo kwa nyumba zenye watoto. Mahindi yana upungufu wa asidi amino moja, lisini, na maharage yanayo kwa wingi. Ndiyo maana uji wa sosoma unachanganya soya, mtama na mahindi. Bibi zetu walipika mahindi na maharage chungu kimoja bila kaye.

Mdogo yule sasa yuko shule ya msingi. Nywele zimerudi nyeusi. Akija garaji anaokota misumari, na fundi wetu bado anamwambia moteri ina tano kati ya saba.