Mtihani Wao Utakuwa Mwingine?

Jumamosi iliyopita, tulipokwisha kugawa likelemba, mmoja wetu alitoa karatasi ya pointi za binti yake wa mwaka wa sita wa msingi. Kifaransa, 31 kwa 100. Tukaanza kumfariji kwa maneno tuliyoyazoea: nyumbani ana kazi nyingi, benchi moja wanakaa wanne, na tena hapa si Kinshasa.

Mama akauliza: "Na ENAFEP yao itakuwa nyingine?"

Tulinyamaza, maana jibu tunalijua. Programu ya masomo ni moja kwa nchi nzima. Mtoto wa Lubunga ng'ambo ya mto, wa Mangobo na wa Gombe kule Kinshasa, wote wanaulizwa maswali yale yale mwisho wa shule ya msingi. Baadaye, mwisho wa sekondari, Exetat nayo ni hivyo hivyo. Anayesahihisha hajui nani aliuza makala asubuhi ile.

Tuliambiana ukweli. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilisema shule ya msingi ya serikali ni bure, lakini tuliendelea kulipa mpaka Septemba 2019. Mzigo ulipotoka kichwani tulishukuru, halafu tukalegea. Tulipokuwa tukilipa, tulimuuliza mtoto amejifunza nini. Siku hizi tunauliza tu kama alienda. Na yule binti, siku za soko ndiye anayebaki na mdogo wake. Kaka yake habaki. Hilo si kosa la mwalimu wala la serikali, tumelifanya sisi.

Wengi wetu Kifaransa hatukukisoma, tukadhani basi hatuna la kusaidia. Mwenzetu muuza sombe, ambaye naye hakukisoma, akatuonyesha njia yake. Jioni mtoto anasoma ukurasa mmoja kwa sauti. Kisha anafunga kitabu na kueleza kwa Kiswahili au Kilingala. Akiweza kueleza, ameelewa. Akirudia Kifaransa kama kasuku (na kasuku sisi watu wa Tshopo tunawajua!), anaanza tena.

Tumejaribu wiki hii. Kuna nyumba ambayo mapacha waligombana nani asome kwanza, na somo likaishia hapo. Kwa mmoja wetu, kijana alisoma habari za mvuke wa maji bila kukwama hata neno moja. Alipoulizwa mvuke ni kitu gani, akatazama mlango. Sufuria ya ndizi ilikuwa motoni. Mama yake akainua kifuniko, akamwambia aangalie, halafu asome tena. Mara ya pili alieleza mwenyewe, na akaongeza kwamba nguo kwenye kamba hukauka kwa njia hiyo hiyo. Hilo halikuwa katika ukurasa.

Binti wa 31 hatabaki nyumbani tena siku za soko mpaka mtihani upite. Watatu wetu wenye meza karibu na ya mama yake tutamshika mdogo wake kwa zamu, na kaka yake ana zamu ya nne. Amenuna, lakini amekubali.

Jumamosi hii, saa nane mchana, kila mmoja aje na daftari moja la mtoto wake. Lile lenye wino mwekundu mwingi, si lile safi.