Matembezi ya Starehe na Haki Zake

Kila zinapokaribia likizo za shule za mwezi wa Desemba, waulizaji huwa wengi: Je, yafaa Muislamu kuwachukua ahali zake akaenda kukaa nao siku saba katika hoteli kubwa ya pwani, akatoa fedha nyingi, wakala na kulala na kuogelea? Wako wanaotaka nijibu kwa neno moja tu, ama wapate kwenda, ama wapate kuwalaumu waliokwenda. Jambo hili halina jibu la neno moja.

La kwanza lifahamike kwamba kupumzika si dhambi. Mtume wetu (s.a.w.) alimkataza Abdullahi bin Amr kujichosha kwa kufunga kila siku na kusali usiku kucha, akamfahamisha kuwa mwili wake una haki juu yake, na macho yake, na mkewe, na mgeni wake. Basi mtu afanyaye kazi mwaka mzima Doha au Dubai, katika jua lile, akapata mwezi mmoja wa kurudi kwao, ni nani wa kumwambia asilaze kichwa? Kilichokatazwa ni israfu, na israfu haipimwi kwa bei peke yake. Shilingi elfu kumi kwa mwenye deni la dukani ni israfu. Mara ishirini ya hizo, kwa aliyetoa zaka yake, akalipa karo za wanawe na akamaliza haki za watu, huenda zisiwe. Ama yule akopaye kwa riba ili akalale karibu na bahari, sina la kumwambia asilolijua mwenyewe.

Mwaka jana alinijia mmoja katika vijana niliowasomesha chuoni, sasa ni mtu mzima mwenye watoto watatu, anafanya kazi Arabuni. Alikuja na simu yake imejaa picha. Amechagua hoteli ya Jambiani, upande wa mashariki wa kisiwa cha Unguja, usiku saba, yeye na mkewe na watoto na mama yake. "Maalim," akaniambia, "nataka kumstarehesha mama kabla sijarudi kazini. Nitazamie kama pana haramu ndani yake."

Nilimsikiliza mpaka mwisho, na kwa kweli alikuwa ameifanya kazi yake vizuri. Vyumba alivyochagua vina birika lao la kuogelea lililozungushiwa ukuta, mkewe na binti yake waweze kuoga bila ya kutazamwa na mtu. Amepiga simu mwenyewe kuuliza nyama inachinjwa na nani, na pombe inauzwa upande gani. Laiti kila mume angeuliza hivyo kabla ya kulipa! Wengi huuliza wakishafika, na mtu akishafika na mizigo huona haya kurudi, basi hukaa na mkewe amejifungia chumbani siku saba, na hiyo ndiyo inaitwa starehe.

Kisha nikamuuliza, "Na mama amesema nini?"

"Mama hajui, Maalim. Nataka iwe ghafla, afurahi."

Mama huyo namjua. Ni mzaliwa wa Makunduchi, aliletwa Mombasa akiwa bibi arusi kijana, na dada yake mkubwa bado yuhai huko huko Makunduchi. Kutoka Jambiani kwenda Makunduchi ni mwendo mfupi wa gari. Katika zile siku saba nilitafuta saa moja ya Makunduchi, sikuiona. Palikuwa na siku ya kwenda kutazama pomboo, na siku ya mashamba ya karafuu na viungo, na chakula cha usiku mchangani kwa mishumaa. Nikamwambia, "Mwanangu, nenda kamuulize mama yako kwanza, kisha urudi."

Alirudi baada ya siku mbili. Mama alimshukuru sana, akamuombea dua, kisha akamwambia kwamba bahari yeye anaijua, ameizaliwa, lakini dada yake hajamuona tangu walipomzika kaka yao, na wote wawili sasa ni wazee. Kijana aliyasema haya akiangalia chini. Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Lakini tazama ndugu msomaji, mtu alikuwa akimpeleka mama yake umbali wote ule, kwa fedha zote zile, apite karibu na mlango wa dada yake asiingie. Na habari ya kijiji haifichiki; dada angejua kesho yake. Kuunga udugu ni wajibu, na hoteli ni halali tu, tena ikitimiza masharti. Akapunguza siku za hoteli zikawa tatu, nne akazipeleka Makunduchi, na fedha zilizobaki zikatengeneza paa la nyumba ya mama yake mkubwa.

Tukazungumza pia habari ya Sala, kwa sababu wengi hukosea hapa. Safari ya Mombasa hadi Unguja, iwe kwa ndege au kwa barabara ya Tanga hadi Dar es Salaam kisha boti, inatosha kabisa kupunguzia Sala. Lakini katika madhehebu yetu ya Shafii, mwenye kunuia kukaa mahali pamoja siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, hukatika usafiri wake pindi afikapo. Yule wa siku saba hotelini ni mkaazi, anasali rakaa nne kama aliye nyumbani. Picha za hoteli humwonyesha mtu kitanda na bahari. Msikiti uko wapi aulize mwenyewe.

Liko na jambo la wenyeji. Mimi niliwahi kualikwa kufunga nikaha katika hoteli moja kusini mwa Mombasa, nikasimamishwa mlangoni na kuulizwa nimekuja kumtafuta nani, na nyuma yangu watu waliovaa nguo za kuogea wanapita bila ya kuulizwa. Sikukasirika sana, yule bawabu ni mtoto wa watu na ameajiriwa. Lakini Muislamu aliyelipa chumba asije naye akawa hajui kuwa nje ya ukuta wake pana watu. Jambiani na Paje ni vijiji vya Waislamu. Tangu 1989 wanawake wa huko wanalima mwani wa kuuza nchi za nje: wanakita vigingi mchangani maji yakitoka, wanafunga vipando kwenye kamba, na kuvuna wakiwa na maji magotini, mgongo umeinama. Wageni huwapiga picha kama wanavyopiga picha ndege. Watoto wako wafundishe kuwaamkia, "Shikamoo bibi," na wasikanyage kamba zao. Ukitaka picha, omba. Na ukitoka hotelini kupita kijijini, vaa kama uingiavyo mtaa wa kwenu.

La mwisho ni la bahari yenyewe, ambalo watu wa bara hulipuuza na sisi tumeanza kulisahau. Upande ule wa mashariki maji yakitoka huenda mbali hata miamba ikabaki mikavu. Nungwi na Kendwa, kaskazini, hayaendi mbali hivyo. Wakati wa bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hutoka sana, na kule hupwa kabisa kiasi cha saa nne za asubuhi. Mwenye kuwapeleka wazee na watoto asitazame kalenda ya hoteli peke yake, atazame na mwezi wa Kiislamu: kiasi cha tarehe 8 au 9, na tena 23, ni maji mafu, hayajai sana wala hayatoki sana, na mama mzee huweza kukaa ukingoni asubuhi nzima, miguu imo majini, bila ya kuifuata bahari kwenye miamba.